Kuzuru Visiwa vya Tanga na Mji Wake kwa Hesabu ya Mwezi

Mgeni wa Tanga hupokewa kwa msemo wa "waja leo, waondoka leo", na wengi huutimiza neno kwa neno. Hushuka basi stendi ya Kange, hupanda bajaji hadi Raskazone, hula pweza wa nazi huku wakitazama meli bandarini, na asubuhi yake wako tena njiani kuelekea Segera. Wanachokiona mbele yao wakati wanakula, yaani kile kisiwa cha mikoko kilicholala katikati ya ghuba, hudhani ni pambo la mandhari. Hawajui kwamba ni kimoja katika msururu wa visiwa unaoanzia Kirui na Kwale upande wa Mkinga, ukapita Ulenge, Toten, Yambe na Karange, na kumalizikia kwenye fungu la mchanga la Maziwe mbele ya Pangani.

Mwongozo huu ni wa siku nne, na umeandikwa kwa ajili ya msafiri wa kawaida wa Kitanzania anayekuja kwa basi, mwenye familia au marafiki watatu wanne wa kuchangia gharama za chombo. Siku hizo nne hazikupangwa kwa kufuata mwisho wa wiki wala sikukuu, bali kwa kufuata maji ya bahari, kwa sababu visiwa hivi vingine havifikiki maji yakiwa yamekupwa na kingine hakionekani maji yakiwa yamejaa.

Hatua ya kwanza: Tazama mwezi kabla ya kukata tiketi

Maji ya pwani hii hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa zaidi ya nusu saa. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu bahari huingia katika bamvua, ambapo hujaa sana na hupwa sana, na tofauti ya kina kati ya hali hizo mbili huweza kupita mita 3. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi ukiwa nusu, huwa ni maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Hadi hapo wengi wanafahamu. Jambo ambalo wavuvi wanalijua kwa mazoea, na mgeni halimpitii akilini, ni kwamba saa za bamvua kwetu ni zilezile mwaka mzima: ikifika tarehe 2 ya mwezi mwandamo, maji hupwa karibu saa 4 asubuhi na hujaa karibu saa 10 alasiri, iwe ni Rajabu au Mfunguo Tatu. Tarehe 16 na 17 hali hujirudia vivyo hivyo.

Kwa hiyo chukua kalenda yenye tarehe za Kiislamu, ambayo katika nyumba nyingi za Tanga hutundikwa ukutani karibu na mlango, kisha upange kuingia mjini tarehe 1 au tarehe 15 ya mwezi mwandamo, ili siku zako nne ziwe tarehe 2 hadi 5 au 16 hadi 19. Siku ya kwanza utapata maji yaliyojaa alasiri, ambayo ndiyo yanayohitajika kwa Toten, na siku ya nne utapata maji yaliyokupwa karibu na saa 6 mchana, ambayo ndiyo yanayohitajika kwa Maziwe. Ukitaka dakika kamili, tafuta jedwali la maji la bandari ya Tanga, lakini hesabu ya mwezi inatosha kwa kupanga safari.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu nililipia kujifunza. Mara ya kwanza nilipowapeleka shemeji zangu wa Morogoro kuiona Maziwe, tulichelewa kuondoka hadi saa 8 mchana, siku ya tarehe 3, na mtu aliyetukodisha boti, ambaye siku hiyo alihitaji fedha kuliko alivyohitaji kusema kweli, alituhakikishia kwamba kisiwa kipo tu, hakihami. Tulipofika hapakuwa na kisiwa. Palikuwa na maji ya kijani kibichi na ndege wachache wakizunguka juu yetu, na fungu lenyewe lilikuwa chini ya boti. Shemeji mkubwa aliuliza kama tumepotea njia, nami sikuwa na la kumjibu.

Baada ya mwezi, angalia msimu. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, si wakati wa safari hii, kwa kuwa mvua huchafua maji na mto Pangani humwaga tope baharini. Kusi ya Juni hadi Agosti huleta hewa nzuri ya mjini na mawimbi mabaya ya nje. Wakati ninaoupenda mimi ni mwishoni mwa demani na tangambili, yaani Septemba hadi Novemba, pepo zinapokuwa hazijaamua upande wa kuvuma, na pia Desemba hadi Februari, bahari ya kaskazi inapokuwa safi kiasi cha kuuona mwamba kutoka juu ya boti. Mwezi wa Ramadhani mtu anaweza kusafiri bila tatizo, ila ajue kwamba mchana migahawa mingi ya Ngamiani hufungwa na kwamba kula au kunywa hadharani mbele ya waliofunga ni utovu wa adabu. Malipo yake huja magharibi, wakati wa futari.

Hatua ya pili: Fika Tanga, ulipe, upatane

Kutoka Dar es Salaam ni takriban kilomita 350 kwa njia ya Chalinze, Segera na Muheza. Panda basi la alfajiri pale Mbezi, ufike Kange mchana. Siku za msimu wa machungwa basi likisimama Muheza, nunua, kwa sababu utayahitaji baharini kuliko soda.

Alasiri hiyo hiyo ya kufika, kabla ya ofisi kufungwa, shughulikia vibali. Toten, Yambe na Karange vimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyotangazwa mwaka 2009, ambayo inashika pwani kutoka upande wa kaskazini wa mdomo wa mto Pangani hadi kuupita mji wa Tanga. Ulenge, Kwale, Mwewe, Kirui na Maziwe ni maeneo tengefu, ambamo uvuvi umekatazwa kabisa. Vyote viko chini ya mamlaka moja ya hifadhi za bahari, na ofisi yake ya mjini ndiyo inayotoa kibali cha kuingia. Chukua kitambulisho chako cha taifa, maana kiwango cha raia na cha mgeni wa nje havilingani, eleza visiwa unavyokusudia kuvizuru na siku zake, upewe namba ya kumbukumbu ya malipo, ulipe kwa simu, na uitunze stakabadhi mahali isipolowa. Usimpe mtu yeyote ufukweni fedha ya kiingilio kwa mkono.

Kisha tafuta chombo. Madiko ya kuanzia ni Sahare na Deep Sea. Hapo utakuta mashua, ngalawa na boti za faiba zenye mashine ya nje, na kwa familia yenye watoto nashauri boti ya faiba, ingawa mashua iliyofunguliwa tanga lake asubuhi ina raha ambayo mashine haiwezi kuileta. Msalimie nahodha kwanza, ukae kidogo, uulize habari za bahari, ndipo ufikie shauri lako. Anayefika dikoni na kuuliza bei akiwa bado amesimama hutajiwa bei ya mtu aliyesimama. Bei hupatanwa kwa chombo kizima na kwa siku, haihesabiwi kwa kichwa, na huwa ni pamoja na mafuta, nahodha na baharia mmoja. Lipa sehemu ya mafuta mwanzoni, na kiasi kilichobaki ulipe mkisharudi nchi kavu.

Mambo ya kukagua kwa macho yako mwenyewe, bila haya, ni haya: jaketi okozi moja kwa kila abiria, zikiwemo ndogo za watoto; kata au ndoo ya kukumbia maji; nanga yenye kamba ndefu; simu ya nahodha yenye chaji; na maandishi ya usajili ubavuni mwa chombo. Mwulize pia ameisikia vipi taarifa ya hali ya hewa ya siku hiyo, kwa sababu Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa, na nahodha anayekujibu kwamba yeye hahitaji taarifa hizo ni nahodha wa kuachana naye. Atakayetazama mawingu pamoja nawe na kusema "kesho tuondoke mapema zaidi" huyo mshike.

Hatua ya tatu: Asubuhi ya mjini, alasiri ya Toten

Siku ya kwanza asubuhi ghuba imekupwa, na kukizunguka kisiwa cha Toten kumebaki tope ambalo mguu huzama hadi gotini. Tumia muda huo kuutembelea mji, ikiwezekana kwa baiskeli, kwa kuwa Tanga ni tambarare na baiskeli ni chombo cha heshima hapa, hata kwa mzee mwenye kanzu.

Anza Ngamiani, ambako barabara zinaitwa kwa namba, ukapate kifungua kinywa cha mahamri na mbaazi za nazi, au mkate wa kumimina kwa chai ya maziwa. Kisha vuka reli uingie upande wa zamani wa serikali. Reli unayoivuka ndiyo ya kwanza kujengwa katika nchi hii. Wajerumani waliianza Tanga mwaka 1893, wakaifikisha Muheza mwaka 1896, na haikufika Moshi hadi mwaka 1911. Karibu na bahari utaona mnara wa saa, majengo ya boma na mahakama, na jengo la hospitali ya Wajerumani lililo juu ya jabali la Bombo, ambalo kwa macho yangu ndilo jengo zuri kuliko yote mjini na ndilo lililotelekezwa kuliko yote. Ndani ya boma la zamani pamewekwa makumbusho ya Urithi, yenye picha za mji wa zama za mkonge. Yape saa nzima.

Kutoka hapo endesha hadi Raskazone. Tarehe 2 Novemba 1914 jeshi la Waingereza la askari wapatao 8,000, wengi wao wakiwa wametolewa India, lilianza kushuka kwenye fukwe za rasi hiyo likidhani mji umeshakuwa wao. Wajerumani pamoja na askari wao Waafrika, walioongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwa kama 1,000 tu. Siku ya tarehe 4 mapigano yalifika hadi kwenye njia ya reli na mitaa ya mji, risasi zikatoboa mizinga ya nyuki iliyokuwa mitini, na nyuki wakatoka kwa hasira wakiwauma wa upande huu na wa upande ule. Waingereza walirudi melini wakiacha nyuma bunduki na shehena tele. Baadaye ilivumishwa kwamba nyuki wale walitegwa na Wajerumani kwa makusudi, lakini nyuki hawakubagua, na uvumi huo unawafaa zaidi walioshindwa kuliko ukweli wenyewe. Makaburi ya Wajerumani na askari waliokufa katika vita hivyo yamo mjini, na ukifika uyatazame kwa kuyasoma majina, maana hata mpangilio wa jiwe unaeleza nani alihesabiwa mtu kwa jina lake na nani hakuhesabiwa.

Rudi upumzike, ule wali, na saa 9 alasiri uwe dikoni. Sasa maji yanajaa. Kwenda Toten ni mwendo mfupi tu, lakini nahodha atazunguka kutafuta mwanya katika mikoko, nawe utashukia kwenye maji ya gotini juu ya mizizi, kwa hiyo vaa viatu vya mpira vilivyofunga mguu. Kandambili zitabaki topeni.

Jina la Toten ni la Kijerumani, na maana yake ni wafu, kwa sababu ya makaburi waliyoyakuta hapo. Ndani ya vichaka, chini ya mibuyu, kuna magofu ya misikiti na makaburi ya mawe ya matumbawe na chokaa, kazi ileile ya mikono unayoikuta Kilwa au Kunduchi. Kuta zilizobaki zinatosha kukuonesha kwamba watu waliishi, wakaswali na kuzikana hapa kisiwani zamani, kabla Wajerumani hawajakipa kisiwa jina na kabla mji wa bara haujawa na reli wala bandari. Hakuna vibao vya maelezo, na njia hufungwa na majani kila msimu wa mvua, kwa hiyo mwenyeji anayekijua kisiwa ni lazima, wala asiwe tu baharia wa boti aliyejitolea. Usipande juu ya kuta, kwa kuwa chokaa yake inabomoka kwa uzito wa mtoto. Ukiona kitambaa, chetezo au chupa ya marashi imewekwa kaburini, iache kama ilivyo na usiipige picha, kwa sababu aliyeiweka ana haja yake na huenda akarudi.

Saa 11 jioni ondokeni, hata kama maji bado hayajaanza kutoka. Mbu wa mikoko hawasubiri jua lizame.

Hatua ya nne: Ulenge

Siku ya pili ni ya kutoka nje ya ghuba. Ondokeni saa 1 asubuhi, maji yakiwa yanatoka, ili mkondo uwasaidie kwenda na bahari iwe imetulia kabla upepo wa mchana haujaamka. Ulenge iko upande wa kaskazini wa mlango wa ghuba, na ina mnara wa taa pamoja na magofu ya nyumba ya mapumziko ya wagonjwa ambayo Wajerumani waliijenga kwa imani kwamba hewa ya kisiwani ingewaponya homa za bara. Imani hiyo haikuzingatia mbu. Mizizi ya mifune imeshika kuta sasa, na ukisimama ndani utaona madirisha yote yalielekezwa kupokea upepo.

Jambo la kufanya Ulenge ni kuogelea juu ya miamba ya matumbawe, na hili lifanywe karibu na saa maji yanapokuwa yamesimama, kabla ya kuanza kujaa upya, kwani wakati wa bamvua mkondo wa mlango wa ghuba unaweza kumchukua hata mwogeleaji hodari. Chukua miwani ya kuzamia na bomba la kupumulia kutoka mjini, usitegemee kukuta dikoni. Usisimame juu ya matumbawe. Ukitembea kwenye maji machache juu ya mchanga, buruta nyayo badala ya kuzinyanyua, ili samaki taa aliyejifukia, mwenye mwiba mkiani, akusikie na aondoke mapema. Utakutana pia na sehemu ambazo mwamba umevunjika vipande vipande kama kifusi. Hizo ni alama za baruti. Pwani ya Tanga iliteswa na uvuvi wa mabomu kwa miaka mingi, na mwamba uliovunjwa kwa sekunde moja huhitaji miaka mingi kuota tena, kwa hiyo usimlaumu nahodha kwamba amekupeleka mahali pabaya, mwombe akusogeze mahali pengine.

Watoto watauliza kuhusu silikanti, samaki aliyeipa hifadhi jina, na ni haki yao kujibiwa. Samaki huyo alidhaniwa kuwa alikwisha duniani miaka milioni 65 iliyopita, hadi alipopatikana mmoja akiwa hai huko Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia mwaka 2004 wavuvi wa Tanga, hasa wa vijiji vya kusini kama Kigombe, walianza kuwanasa kwa makumi katika majarife ya papa yaliyotegwa kwenye kina kirefu. Wengine walikuwa wazito kuliko mtoto wa darasa la saba, na hawakufaa kwa mchuzi, maana nyama yao ina mafuta mengi. Lakini huyo hukai chini ya boti ukamwona. Anaishi kwenye mapango ya chini ya bahari, katika giza, na yeyote atakayekuahidi kukuonesha kwa malipo ya ziada anakudanganya.

Kwale, Mwewe na Kirui ziko mbali zaidi kaskazini na zinahitaji siku yake peke yake. Kwa safari ya kwanza ziache.

Hatua ya tano: Njia ya Pangani

Siku ya tatu fungasha mizigo yote, kwa kuwa hutarudi kulala Tanga. Pangani iko chini ya kilomita 50 kusini, lakini usipande basi la moja kwa moja. Kodi bajaji au gari dogo la siku nzima, kwa sababu njiani kuna vituo viwili visivyopaswa kurukwa.

Cha kwanza ni Machui. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, katika eneo hilo, tarehe 1 Januari 1909, na alipofariki mwaka 1962 alirudishwa kuzikwa huko huko. Mtu anayeandika au kufundisha Kiswahili na akapita njia hii bila kusimama sijui atajieleza vipi. Fika, piga hodi kwa wenyeji, vaa mavazi ya stara, na kama u Mwislamu soma Fatiha. Dakika 30 zinatosha.

Cha pili ni Tongoni, kiasi cha kilomita 18 kutoka mjini. Hapa kuna gofu la msikiti mkubwa na makaburi yapatayo 40, mengi yakiwa na minara, na inasemwa kuwa hakuna mahali pengine katika pwani ya Afrika Mashariki penye makaburi mengi ya minara pamoja kama hapa. Mji huu, ambao katika maandishi ya kale huitwa Mtangata, ulikuwa na nguvu tangu karne ya 14 na 15. Vasco da Gama alipopita mwaka 1498 meli yake ya São Rafael ilikwama kwenye mafungu ya mbele ya hapa, ikanasuliwa, na aliporudi kutoka India mwanzoni mwa mwaka 1499 aliichoma moto papo hapo kwa kuwa hakuwa amebakiwa na mabaharia wa kutosha kuziendesha meli zote. Tazama vizuri minara ya makaburi: mashimo ya mviringo unayoyaona ndiyo yaliyowekewa mabakuli ya kaure kutoka mbali, ambayo watu waliyabandua baadaye. Minara kadhaa imeanguka na mingine imeinama, na bahari imesogea karibu. Kuna kiingilio na mhifadhi wa kukuongoza. Mpe muda, kwa sababu anapoachiwa kueleza bila kuharakishwa husema mambo mengi kuliko yaliyoandikwa kwenye kibao. Ukielekeza macho baharini utaona Karange na Yambe zikiwa zimelala kama ukingo wa kijani, na kwa safari hii kuzitazama kunatosha.

Hatua ya sita: Pangani kwa miguu

Pangani ni mji uliosahauliwa na biashara, na hiyo ndiyo sababu nyumba zake za kale bado zinaonekana. Fikia karibu na mto, acha mizigo, na utembee jioni jua likiwa limepoa. Boma la Pangani, lenye milango ya kuchongwa, linahesabiwa na simulizi za mji kuwa lilianza kujengwa mwaka 1810 kama nyumba ya tajiri Mwarabu kabla ya Wajerumani kuligeuza ofisi. Mtaa wa Wahindi una maduka ya ghorofa yenye roshani za mbao, mengi yamefungwa. Kwenye ukingo wa mto walipitishwa watumwa na pembe za ndovu kutoka bara, na wenyeji watakuonesha mahali walipofungwa. Sikiliza kwa adabu, na usicheke wala usipige picha za kutabasamu mahali hapo.

Pangani pia ndipo ulipoanza upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani. Mwaka 1888 wakala wa kampuni ya Wajerumani, Emil von Zelewski, alipojaribu kupandisha bendera yake na kuudhalilisha uongozi wa mji, watu walimpinga, na Abushiri bin Salim al-Harthi akawa kiongozi wa vita vilivyoenea hadi Bagamoyo na kwingineko. Abushiri alinyongwa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Zelewski yeye aliendelea na ujeuri wake hadi alipokutana na Wahehe pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, akauawa. Kwa hiyo Mtanzania anayesimama kando ya mto huu amesimama mahali kisa cha Lugalo kilipoanzia.

Chakula cha usiku ni samaki wa kuchoma na wali wa nazi. Agiza mapema, kwa sababu jiko la Pangani huanza kupika baada ya kuagizwa.

Hatua ya saba: Maziwe

Siku ya nne asubuhi vuka mto kwa pantoni hadi Bweni. Ukivuka utaona mashamba ya mkonge na ya minazi, na ujue kwamba mkonge wote wa Tanzania una asili yake upande huu wa mto: mwaka 1893 mtaalamu Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, ikanusurika 62 tu, ikapandwa Kikogwe. Endelea hadi Ushongo, ambako boti za Maziwe huanzia, na hakikisha nahodha amekubali kuondoka kati ya saa 3 na saa 4, ili mfike fungu likiwa linaibuka na mkae maji yakiwa yamekupwa.

Maziwe zamani ilikuwa kisiwa kamili chenye mivinje, na kasa walikuja kutaga kwa wingi kiasi cha kisiwa kuwekewa ulinzi kwa ajili yao. Miti ikatoweka, mchanga ukakosa kishikizo, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakikubaki hata kichaka. Leo ni fungu jeupe linaloibuka na kuzama kila siku. Kasa hawajaambiwa. Bado huja kutaga, na kwa kuwa mayai yatakayofunikwa na maji hayataanguliwa, walinzi wa kijijini huyahamisha hadi ufukwe wa bara, ambako huangua baada ya siku 50 hadi 60. Ukiwa Ushongo uliza kama kuna kiota kinachokaribia, na ukibahatika kuwaona wadogo wakiingia baharini, kaa nyuma ya kamba, zima taa ya simu, na usimsaidie hata mmoja kwa mkono.

Fungu halina kivuli chochote. Chukua mwavuli au turubai, maji ya kunywa ya kutosha, nguo ya mikono mirefu na yale machungwa ya Muheza kama yamebaki. Beba chakula kwenye kikapu, kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na upepo wa Maziwe hautakupa nafasi ya kuikimbiza. Makombe na matumbawe yabaki yalipo. Kuogelea ni bora upande ambao nahodha ametia nanga, na watoto wasivuke kwenda upande wa pili wa fungu bila mtu mzima, maana kina huanza ghafla.

Maji yanapoanza kurudi huja kwa pande zote mbili, na mchanga uliokuwa na upana wa uwanja wa mpira huwa ukanda mwembamba ndani ya saa mbili. Nahodha akianza kukunja turubai, usimwombe dakika kumi. Fika Ushongo, mlipe kilichobaki, suuza chumvi kwa maji ya kisima, na uwahi pantoni kabla ya jioni. Kisha uliza Pangani gari la mwisho la kwenda Tanga linaondoka saa ngapi, ukiuliza watu wawili tofauti, kwa kuwa huondoka likijaa.